Mafuta Yaliyoganda Njia ya Bugarama

Ninyi watatu mliobaki na funguo za kiwanja mmeniomba vipimo. Mlitaka niviandike vizuri kwenye karatasi moja, kabla sijasahau. Sijasahau. Ila karatasi moja haitoshi, kwa sababu vipimo peke yake vitawadanganya. Mtadhani kazi ni gramu na mililita. Kwa hiyo naandika tangu mwanzo, na atakayechoka aruke mpaka anapopataka.

Habari za vyeo sitaziandika. Kiwanjani kwetu cheo kilikuwa kimoja tu, muosha mapipa, nami nilikipata siku ya pili, kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka.

Kwanza nilikuwa mpishi. Kwa miaka tisa nilisimama mbele ya karai la mafuta ya moto kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Asiatique, nikikaanga sambusa, ndizi na ndagala, dagaa wa ziwani. Mafuta yakishakuwa meusi niliyamwaga kwenye mtaro nyuma ya jiko, na mvua ikinyesha mtaro wote ulikuwa na utelezi, wapita njia wakatutukana. Siku moja alikuja mlango wa nyuma mtu mwembamba mwenye koti, na joto lile la saa nane, akisukuma baiskeli iliyofungwa bido mbili, madumu ya manjano ya lita ishirini. Alikuwa Mwalimu Gaspard, aliyefundisha kemia sekondari.

"Mama, haya mafuta munamwaga, munipe mi," aliniambia.

"Ya kufanyia nini, Maître? Haya hata mbwa hali."

"Ya kuendesha mashine."

Nilimpa ili aondoke. Wiki iliyofuata alirudi, na wiki ya tatu pia, na kila mara aliyachungulia kwenye bido kama mtu anayetazama maziwa. Mwishowe nikataka kujua. Jumapili moja nilikwenda Buyenzi alikonielekeza, kwenye kiwanja cha Fundi Athumani, nyuma ya maduka ya vipuri. Fundi Athumani alikuwa akitengeneza pompu za mazutu, yaani dizeli, za malori. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye mistari ya viganja, na alisali Alhamdulillahi yake huku bisibisi iko sikioni. Walikuwa na pipa, moto, na jenereta kuukuu. Mwalimu akamimina kitu cha rangi ya chai ya rangi. Fundi akavuta kamba. Jenereta ikaguruma, na kiwanja kizima kikanuka sambusa zangu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miezi miwili baadaye niliacha mkahawa nikaenda kufanya kazi nao. Jirani zetu hawakucheka sana. Mwezi wa Ramadhani walikuja watu wazima wanne kumwomba Fundi asiwashe ile jenereta mchana, kwa kuwa harufu ilikuwa inawatesa waliofunga. Alikubali. Kwa siku thelathini tuliwasha baada ya magharibi.

Siku yangu ya kwanza nilitengeneza pipa zima la sabuni. Nasema hivi ili msione aibu yenu ni kubwa. Mwalimu alikuwa shuleni, aliniachia maagizo: chuja mafuta kwa kitambaa, yachemshe mpaka yaache kupiga kelele, ndipo uendelee. Mimi nilidhani mpishi wa miaka tisa hafundishwi kuchemsha mafuta. Yalikuwa na maji ya samaki ndani, nami niliyatoa motoni yakiwa bado yanapasuka pasuka chini. Nilipotia dawa, yaani soda na methanoli, yakawa uji, na uji ukawa mzito, na ufito wa kukorogea, tulioufunga kwenye mota ya mashine ya kufulia, ukasimama. Fundi Athumani akaja, akachovya kidole.

"Mama Aziza," alisema, "leo tutafua nguo."

Tulifua kwa miezi mitano.

Sasa vipimo. Mafuta yakishachujwa na kukauka, chukua mililita moja, uiyeyushe kwenye kumi za spiriti safi, utie tone la dawa ya rangi. Kisha kwa bomba la sindano udondoshe maji ya soda kali, gramu moja kwa lita, tone kwa tone, ukizungusha, mpaka rangi ya waridi ije na ibaki. Hesabu mililita ulizotumia, ongeza tatu na nusu, na hizo ndizo gramu za soda kali kwa kila lita ya mafuta. Methanoli ni moja ya tano ya mafuta. Iyeyushie soda ndani ya bido iliyofungwa, nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Pipa lisizidi joto la nyuzi hamsini na tano. Koroga saa moja, uache mpaka kesho. Gliserini nyeusi itakaa chini, uitoe. Kinachobaki juu ukioshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kwa upole, ukikaushe. Ukiweza kusoma gazeti kupitia chupa, umemaliza.

Mwalimu hakuamini pua, aliamini tone. Mimi niliamini pua. Tulishindana. Nilikuwa nanusa bido kutoka Kajaga, kwenye mikahawa ya ufukweni inayokaanga samaki wa mukeke, nasema, "Hii itakula tatu." Yeye alipima. Tatu. Ya wauza maandazi nilisema moja na nusu, ikawa moja na nusu. Mara ya saba au ya nane alivua miwani akaifuta.

"Hiyo pua yako ina diplome," alisema. Lakini akapima tena, na akanifanya niape kwamba hata akifa nitaendelea kupima.

Hayo ndiyo yalikuwa mambo ya kucheka. Mengine si ya kucheka. Methanoli tuliifungulia kwenye chumba chenye dirisha dogo miaka mingi kabla ya kujua kwamba si spiriti ya kuchezea. Macho ya Mwalimu yalianza kupungua. Daktari alisema inaweza kuwa umri, inaweza kuwa sukari. Mwalimu mwenyewe hakusema ni nini. Siku moja alikuwa anadondosha tone huku mimi nasafisha pipa, nikaona anaendelea kudondosha na chupa imeshakuwa waridi kali, kama ua.

"Maître, imekwisha kufika."

"Tangu lini?"

"Tone nyingi."

Akaniwekea bomba mkononi. Toka siku ile mimi ndiye niliyetazama rangi, na yeye alikaa kwenye kiti akiniuliza, "Waridi ya namna gani?" Nilimweleza, kila siku, mpaka alipofariki. Ndiyo sababu niliwakataza kufungulia methanoli ndani, mkanuna kwamba nje kuna jua.

Jambo moja alilolisema zaidi kuliko yote lilihusu baridi. Mafuta ya hapa kwetu mengi ni ya mawese, na mawese huganda. Mmeyaona asubuhi ya mvua, yanavyokuwa mazito kwenye chupa. Mazutu yatokanayo nayo yana tabia ileile. Chini hapa, karibu na ziwa, hayana shida mwaka mzima. Ukipanda milimani yanaanza kuwa na ukungu, kisha yanafunga filta, na gari linazimika. Kwa hiyo kila aliyekuja tulimuuliza: unapanda au unabaki chini? Anayebaki chini tulimpa matupu. Anayepanda tulimchanganyia nusu kwa nusu na mazutu ya stesheni za mafuta, naye akaenda salama. Miaka yote ile hatukupata lalamiko hata moja kutoka juu.

Kisha mazutu yakaadimika mjini. Hilo mnalijua, mlikuwepo. Magari yalilala kwenye foleni za stesheni siku nyingi, wenye nayo wakilala ndani. Watu wakanipigia makofi begani barabarani, wakisema sasa ni zamu yetu, Mama Aziza atawatoa watu. Mimi mwenyewe niliamini kwa wiki moja hivi. Nilifikiri tumefanya kazi miaka yote hii kwa ajili ya wakati kama huu.

Haikuwa hivyo. Mikahawa ilianza kukaanga kidogo, na mafuta ambayo zamani yalikuwa ya kutupwa yakawa yanatumika mara kumi, kisha yanauzwa kwa wakaanga maandazi wa njiani, nao wakayatumia mpaka yakaisha kabisa. Niliyonunua huko nyuma kwa shukrani tu sasa yaliliwa na watu. Singeweza kuwalaumu. Methanoli ilikuwa ikija kwa lori kutoka Dar es Salaam, na mwenye kuileta akasema hapati dola za kuagizia. Tulibaki na pipa moja la methanoli, halafu nusu. Na mazutu ya kuchanganyia anayepanda hayakuwepo popote, kwa sababu ndiyo hayo watu wote walikuwa wakiyatafuta. Mji mzima ulikuwa ukitafuta kitu ambacho mimi nilijua kukitengeneza, nami nilikaa kwenye kiti cha Mwalimu nikitazama mapipa makavu.

Alasiri moja akaja Dieudonné. Mnamkumbuka, dereva wa ile Hilux ya dispensari, mtu mrefu asiyependa maneno. Tulikuwa tumemaliza kuosha pipa siku ile, zuri, safi, ungesoma gazeti. Aliingia anatembea haraka na bido mikononi.

"Mama Aziza, nipe hata bido moja."

"Unapanda?"

"Napanda. Kuna mama kwenye kilima, mbele ya Bugarama. Mutoto amekaa vibaya tumboni. Infirmière wa kule anayemuuguza amepiga simu mara mbili. Stesheni zote nimepita."

"Mazutu ya kuchanganya apana, Dieudonné. Matupu haya yataganda kule juu."

"Yataganda saa ngapi?"

Lilikuwa swali la haki, na mimi ndiye niliyepaswa kulijibu. Nikatazama juu. Jua lilikuwa bado kali. Nikafanya hesabu kichwani: saa moja na nusu kupanda, gari likiwa la moto, dakika chache kumpakia mgonjwa, kisha kushuka, na kila kona ya kushuka inakurudisha kwenye joto. Nikaona inawezekana. Fundi Athumani alikuwa pembeni anatazama.

"Ukienda sasa hivi," nilimwambia, "upande na jua na ushuke na jua. Usizime gari. Hata ukisimama, usizime."

"Sizimi."

Nikampimia lita ishirini. Akaweka simu sikioni kabla hajatoka getini, nikamsikia akiwaambia wa kule juu, "Nakuja. Mumuache palepale, nakuja na gari."

Njiani mvua ya jana ilikuwa imeangusha udongo kwenye kona moja, juu kabisa. Magari yalisimama pande zote mbili, watu wakichimba kwa majembe. Alisimama hapo akiwa na injini inawaka, kama nilivyomwambia, mpaka akaona mshale wa mafuta unashuka na njia bado haijafunguliwa. Akazima. Ungezima hata wewe. Njia ilipofunguka giza lilikuwa linaingia na ukungu umeshuka. Gari likawaka, likaenda kama kilomita mbili, likakohoa, likasimama. Alijaribu mpaka betri ikachoka. Simu haikushika mahali pale.

Kule kilimani waliambiwa gari linakuja. Hilo ndilo ninalotaka mlisome polepole. Walikuwa na ingobyi, ile machela ya kufuma ambayo watu wa milimani hubebea wagonjwa mabegani, na walikuwa na wanaume wanane wa kupokezana. Walikuwa wameshamfunga yule mama ndani yake, tayari kuteremka kwa miguu kuelekea hospitali. Simu ya Dieudonné ilipoingia wakamfungua, wakamrudisha ndani kwenye joto, wakasubiri gari. Walisubiri mpaka alfajiri. Ndipo wakambeba. Alifariki njiani, yeye na mtoto, kabla hawajaifikia Hilux.

Jua lilipopanda kiasi cha saa nne, Dieudonné alisukumwa na watu kwenye mteremko, na gari likawaka mara moja kama halikuwa na neno. Akamrudisha marehemu kwao, kisha akashuka mjini, akaja moja kwa moja kiwanjani. Alinieleza yote akiwa amesimama. Hakunilaumu. Alimaliza, akasema, "Ni hivyo, Mama," akampa Fundi ufunguo wa gari.

Fundi Athumani akaifungua filta kwenye benchi. Haikuwa na uchafu wowote, ila mafuta mepesi ya rangi ya chai. Alichovya kidole, akayaangalia.

"Mafuta ni safi," alisema. "Kazi ni nzuri. Ni baridi tu."

Alitaka kunisaidia. Lakini ningependa zaidi angeniambia kwamba nilikosea kupima, kwa sababu kosa la kupima ningejua jinsi ya kulitubu.

Watu wema wameniambia mengi tangu siku ile. Wanasema ningemnyima, gari lisingeenda kabisa. Ni kweli. Nami kila mara nafika hapohapo: ningemnyima, gari lisingeenda, asingepiga ile simu, na wale wanaume wanane wangeondoka na ingobyi alasiri ileile, na wangekuwa na usiku mzima wa kutembea. Labda wangefika. Labda wasingefika. Katika kazi hii nilizoea kwamba ukitaka kujua jambo unalipima, unadondosha tone, rangi inakuja au haiji. Hili halina tone lake.

Baada ya hapo niliendelea kuja kazini, kwa sababu sikujua kukaa nyumbani. Nilimnyima kila aliyesema anapanda. Mmoja alilia. Mwingine alinidanganya kwamba anabaki chini, na sikujua tena habari zake. Methanoli ikafika chini ya pipa.

Wiki yangu ya mwisho alikuja mwanaume mmoja asubuhi, na viatu vya matope mekundu ya milimani, akaulizia mwanamke anayetengeneza mafuta. Nikajua kabla hajasema jina. Nikamwekea kiti, nikamletea chai. Alikunywa nusu.

"Mi ni bwana wa yule mama," alisema. "Sikuja kwa ugomvi. Watu wananiambia mafuta iliganda. Mi nalima, sijui mambo ya mashine. Nataka kuona tu. Nionyeshe."

Nilijaza chupa ndogo, nikaenda kuomba nafasi kwenye friji ya jirani muuza juisi. Umeme ulikuwepo siku hiyo, sijui kwa nini siku hiyo. Tulikaa saa nzima pamoja tukingoja. Nilimpa pole. Aliniuliza kama nina watoto, nikamwambia ninaye mmoja, Aziza, na wajukuu wawili. Akaitikia kwa kichwa.

Nilipoileta chupa ilikuwa nyeupe, haimwagiki. Aliipindua, akaitikisa. Akaiweka katikati ya viganja vyake vyote viwili, vikubwa, vya mtu wa jembe, akainamisha uso kuiangalia. Haikuchukua muda mrefu. Kwanza ikaachia kwenye kioo, ikateleza, kisha ikawa na ukungu, kisha ikaonekana kiganja chake upande wa pili.

"Kumbe ilitaka joto ya mukono tu," alisema.

Nikasema ndiyo.

Alinirudishia chupa, akavaa kofia, akaniaga kwa heshima, "Ubaki salama, Mama," akatoka kuelekea njia ya sokoni. Nilibaki nimesimama. Kwenye pipa kulikuwa na mafuta yanayongoja maji ya pili. Nikachota maji, nikayapasha, nikayaosha mara ya pili na ya tatu, nikayakausha, nikaandika kwenye kibandiko: *yasipande*. Hata wa chini walikuwa wameshasikia habari ya Bugarama; hakuna aliyekuja kuyachukua.